Sura ya Mwisho ya Nasemba

Palikuwa na watu watatu katika nyumba ndogo ya kuchapa vitabu, na kila mmoja alijaliwa sikio lake. Helena, mhariri, alisikia jinsi watu wanavyoitana. Mwalimu Anzuruni, msoma prufu, yaani nakala za majaribio, alisikia jibu lisilolingana na swali. Bi Stamili, mpanga herufi, hakusoma sana, lakini alijua neno linafanya kazi gani: linaomba, linatisha, au linaaga.

Mwandishi wao, Nasemba Shemdoe, aliishi milimani na mumewe. Kwa miezi minne hakuna aliyemwona. Mume alisema anaumwa, hataki wageni. Ilifika riwaya yake tu, sura moja kila wiki mbili, na mume aliisoma yote kabla ya kufunga bahasha.

Katika sura ya sita, mke wa hadithini, aliyekuwa akimwita mumewe Baba Neema, alianza kumwita Mheshimiwa. Helena alidhani ni kosa, akalisahihisha. Sura ya saba ikaja na Mheshimiwa tena, mara kumi na moja. Helena akaweka kalamu chini.

“Mke hamwiti mumewe hivyo jikoni,” alisema, “ila akiwa anamwogopa. Huyu si wa hadithini. Ni Nasemba.”

“Tukienda, mume atatuambia amesafiri,” alisema Mwalimu Anzuruni. “Tutamtafuta wapi?”

Akazirudia kurasa. Jirani wa hadithini anauliza, “Umeamkaje?” Mke anajibu, “Mashine ya kusaga iko karibu.” Anaulizwa, “Mtoto hajambo?” Anajibu, “Stoo ina dirisha moja, juu.” Mwalimu aliyakusanya majibu yote yasiyo na swali. Yalimwonyesha chumba.

Walikubaliana kwenda Jumatatu, pamoja na polisi. Alhamisi ikafika sura ya nane. Bi Stamili alipanga mstari wa mwisho, akawaita wenzake. Mke wa hadithini alikuwa amewaambia majirani, “Mnisamehe nyote.”

“Katika sura hii hajamkosea mtu,” alisema. “Anayeomba radhi bila kosa anaaga. Mkingoja Jumatatu mtakuta maiti.”

Waliondoka saa ileile. Polisi walivunja mlango wa stoo nyuma ya mashine, wakamkuta Nasemba sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu. Mume alikamatwa.

Lakini walikuwa wamechelewa. Daktari aliwaambia figo zimekwisha, labda amebakiwa na siku tatu. Nasemba akawaita kitandani.

“Sura ya tisa sijaiandika,” alisema kwa shida. “Yule mwanamke bado yuko ndani. Sitaki kufa nikimwacha mle. Mmoja wenu aiandike, anisomee. Mmoja tu; mkiwa watatu, sauti ya yule mwanamke itapotea. Kalamu nampa aliyenisoma hasa. Semeni ni nani.”

“Bila mimi msingeshuku,” alisema Helena.

“Ulilifuta neno lake kwanza,” alisema Mwalimu. “Bila mimi msingejua mlango.”

“Bila mimi ungekuwa mlango wa maiti,” alisema Bi Stamili.

Nasemba alifumba macho, akaendelea kusubiri.

Nanyi mnaonisikiliza: mmoja alisikia hofu yake, mmoja alisikia alipo, mmoja alisikia kwaheri yake. Siku ni tatu, na moja imekwisha. Je, wewe kalamu ungempa nani?