Kigumba cha Shamba la Suhayma

Inasimuliwa, na waliosimulia walipokea kwa wazee wao, kwamba katika mji wa Wadi Sidra aliishi fundi mmoja mcha Mungu, Thawban bin Luqayt, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya gumegume, yale yanayogongwa kwa chuma yakatoa cheche za kuwashia moto. Alikuwa amepita miaka sabini, na nafasi yake msikitini ilijulikana: safu ya kwanza, kulia kwa imamu. Watu wakibishana walisema, "Twendeni kwa Thawban," na ubishi ukaishia hapo.

Basi siku moja baada ya adhuhuri mji mzima ulilipuka kwa furaha. Mjane aitwaye Suhayma bint Jundub alikuwa akichimba mfereji katika shamba lake la shayiri, jembe likagonga kitu. Akakiokota, akakifuta udongo. Kilikuwa kigumba cha mshale, cha jiwe tupu, chenye ncha kali na mabega mawili!

Hata mimi ninayekusimulieni moyo unanidunda, sembuse wao. Maana watu wa mji ule walirithi habari ya mja mwema wa zama za kale, kabla chuma hakijajulikana, aliyeomba mvua kisha akarusha mshale wake, na ulipoangukia ndipo alipozikwa. Kaburi halikuwahi kuonekana. Sasa mshale huu hapa!

Watu walitoka mbio, wengine wamevaa kiatu mguu mmoja. Mwoka mikate aliiacha mikate tanurini ikateketea. Takbira zilipaa, wanawake wakapiga vigelegele, na haukupita muda Harmala mfumaji alikuwa amekwisha kutandaza kamba akipima mahali pa kujenga kuba. Shayiri, iliyobakiza wiki mbili ivunwe, ililala chini ya nyayo zao. Suhayma hakuwa na shamba jingine, wala mtoto, wala ndugu wa kumlisha. Akamwendea Kadhi Abu Nadhra, ambaye ndiye pia aliyekuwa imamu wao.

"Mheshimiwa Kadhi," akasema, "ikiwa hapa amelala mja wa Mungu, sitapalima hata nife njaa. Lichukueni shamba. Naomba jambo moja tu, mhakikishe kwanza."

"Umenena haki, mama," akajibu Kadhi. "Mwiteni Mzee Thawban. Akisema ni cha kale, tutajenga. Akisema si cha kale, tutaondoka."

Thawban akaja na mkongojo wake, naye ana furaha kama wenzake. Alijifuta viganja kwa kanzu kabla ya kukipokea. Kisha akatazama.

Jiwe lililochongwa zama za kale huota utando mpaka ndani ya makovu yake, pale vipande vilipobanduliwa. Makovu ya hili yaling'aa. Na karibu na shina, penye kunjo, palikuwa na doa la kijani, kutu ya shaba. Mafundi wote wa Wadi Sidra humenya gumegume kwa ncha ya pembe ya mbuzi, kwa sababu shaba huteleza na kuharibu kazi. Thawban akakigeuza, akaona bega la kushoto ni fupi kuliko la kulia. Akawa amekitambua.

Shetani hakuchelewa. Akamnong'oneza: Sema macho yamechoka. Mzee kama wewe nani atakulaumu?

"Si cha kale," akasema Thawban.

Ikazuka kelele. Harmala akatupa kamba chini. "Basi mwanamke huyu amekichonga na kukizika mwenyewe, ili tumwite mwenye baraka! Ametuchezea dini yetu!"

Suhayma alifunika uso kwa shela, akalia. Shetani akarudi tena: Ukweli umekwisha kuusema, ewe Thawban, nyamaza sasa.

"Mwacheni!" akapaza sauti mzee. "Aliyekichonga ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwalimu wangu alinikataza shaba, nami kwa ukaidi nikachukua msumari wa shaba. Nikakizika hapa ili rafiki yangu akiokote, adhani ni cha kale, nimcheke. Rafiki akasafiri, asirudi, nami nikasahau. Astaghfirullah!"

Watu wakatazamana. Harmala akatikisa kichwa. "Tunakujua, mzee wetu. Unamwonea huruma mjane, unajitwika kosa lisilo lako."

Naam! Sifa zake njema zikawa ndizo zinazomkanusha. Thawban akaketi pale pale ukingoni mwa mfereji. "Nileteeni gumegume na msumari wa shaba."

Vikaletwa. Watu wakasongamana kumtazama. Vipande vikaruka, tik, tik, ncha ikatokea, bega la kulia likatokea, likanyooka vizuri. Alipogeukia la kushoto, shaba ikateleza, na bega likakatika fupi. Kadhi akaviweka vigumba viwili kiganjani, kila mtu akaona ni vya mkono mmoja.

"Miaka hamsini na zaidi," akasema Thawban akitweta, "na bado sijajifunza."

Mwoka mikate ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote wakacheka mpaka machozi. Harmala akazoa kamba yake kwa haya, akamwomba Suhayma radhi, akainama kuinua mashuke ya shayiri yaliyolala. Wengi wakamfuata.

Adhana ya alasiri ikaita. Thawban aliingia msikitini akaenda moja kwa moja safu ya mwisho, akajibanza ukutani. Kadhi akageuka kuwatazama maamuma kabla ya takbira.

"Sawazisheni safu," akasema. "Safu ya kwanza ina pengo."

Hakuna aliyesogea kuliziba.

"Ina pengo," akarudia, "na mwenyewe namwona amejibanza ukutani. Hatusali mpaka aje."

Wakampisha njia, na Harmala akampokea mkongojo.

Enyi wapenzi, kusema "si cha kale" kulimgharimu mzee yule pumzi moja tu. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kizito, nacho ndicho kilichomrudishia mjane heshima yake na shayiri yake. Mola atupe ujasiri wa kuumaliza ukweli tunapouanza. Amin.