Mhandisi Aliyemfungia Mwenzake Nje

Ndugu zangu, kulikuwa na mhandisi mmoja wa kompyuta, mwanamke hodari, aliyetunza mfumo wa benki ya damu ya mkoa mzima. Daktari akiuliza, "Damu ya kundi fulani iko wapi?", swali lake hugawanywa kwa kompyuta nyingi. Kila moja hupekua sehemu yake, kisha majibu hukusanywa mahali pamoja.

Mfumo ukaanza kusuasua. Mhandisi akaona dawa ni kuikata kazi vipande vingi zaidi, ili vipekuliwe vyote kwa mpigo. Akapandisha kiwango cha vipande. Kesho yake akakikuta kimeshushwa. Akakipandisha tena, kikashushwa tena.

Nani huyo? Ofisini walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake, na mwenzake aliwahi kukiomba cheo hichohicho alichopewa yeye. Ungekuwa wewe, usingeunganisha mambo? Akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Jamaa akiinuka kwenda kuchukua chai, yeye anachungulia skrini yake. Akicheka na simu, anajiuliza, ananicheka mimi?

"Kaka, ni wewe unayegusa mipangilio yangu?"

"Ni mimi, dada. Juzi nilikueleza kwamba zile kompyuta..."

"Yatosha! Nimeshakujua."

Akabadilisha nywila, akamfungia mwenzake nje ya mfumo. Halafu akapandisha kiwango mpaka mwisho.

Mchana huo ikaja simu ya hospitali. Mama amejifungua, anavuja damu, na kundi lake ni adimu. Mhandisi akauliza mfumo. Kimya. Kiduara kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka.

"Dada, vipi huko?" mkunga akapaza sauti kwenye simu. "Mama anatuponyoka!"

Mwenzake akaja akasimama nyuma yake. "Punguza vipande, dada. Kompyuta zimezidiwa, zinasubiriana tu, na majibu yamerundikana kwa ile inayoyakusanya."

Mhandisi akajiuliza: Na kama huu ndio mtego wenyewe? Lakini mkunga alikuwa analia. Akapunguza.

Jibu likaja papo hapo: damu ipo, hospitali ya wilaya jirani. Ikakimbizwa, na mama yule akapona.

Mhandisi akageuka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Ulikuwa unachunga mikono yangu, maneno yangu hukuyasikia."

Wapendwa, sisi tulioketi hapa, ni nani tumemfungia nje? Ndugu alipokurekebisha, ulisema anautaka uzee wa kanisa. Mkeo alipokuonya, ulisema katumwa na kwao. Tunapiga magoti tukimwomba Mungu atuletee msaada, na msaada umekaa benchi hilihili, ila tumeuwekea ulinzi usitusogelee!

Leo ukitoka hapa, mtafute mtu huyo. Usianze kujitetea. Muulize tu, "Siku ile ulikuwa unaniambia nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.