Barua Iliyofunguliwa Njiani

Ung'ongo ni utepe tu wa kusukia mikeka. Haung'ati wala hauna sumu. Lakini mtu aliyewahi kuonja meno ya nyoka akiuona umelala njiani, moyo humruka kabla macho hayajapambanua. Ndivyo ilivyomkuta Efrazia, mwalimu kijana wa shule moja ya msingi milimani, juu ya Lushoto, mwaka wa sabini na sita.

Enzi hizo hakuna aliyeingia chuo kikuu kwa cheti peke yake. Sharti kwanza ulitumikie taifa, kisha mwajiri aandike barua ya siri kueleza mwenendo wako, nawe unayeandikwa usiione hata nukta. Efrazia alikwisha kuumwa. Mwaka uliotangulia, katika shule aliyofundisha kwanza, mkuu wake alimchekea usoni na kumwandika kisogoni, kama alivyokuja kudokezwa, kuwa ni mkaidi. Nafasi yake ikaota mbawa.

Sasa alikuwa chini ya Mwalimu Nikodemo, mkuu wa shule na mzee wa kanisa mwenye goti bovu na ulimi mchungu kama shubiri. Juzi tu alikuwa amemfokea mbele ya wanafunzi kwa sababu ya miche ya kabichi ya shule iliyokauka. Ijumaa asubuhi alimkabidhi bahasha yenye barua hiyo ya siri, iliyogandishwa kwa gundi, muhuri wa shule umegongwa juu ya ukingo wake, nusu huku nusu kule.

"Mvua imekata barabara, posta haiji," alisema. "Ipeleke mwenyewe ofisi ya elimu. Mwisho wa kupokea ni kesho saa sita."

Efrazia akashika njia. Ukungu ulikuwa umefunika makonde, naye hakuona mbele wala nyuma, ila yale maneno asiyoyajua. Je, kama ni yale yale ya mwaka jana? Alipofika kwenye mgahawa wa Bi Hadija, pembeni mwa mji, aliomba chai, akasogea jikoni kama aotaye moto, akaielekeza bahasha kwenye mvuke wa birika. Mvuke ukamuunguza kidole.

Akasoma. "Mwalimu huyu nimemgombeza kuliko wote, maana ndiye atakayenipita. Nampendekeza bila shaka yoyote."

Alilia kwa furaha na aibu, akaigandisha upya, akaenda mbio ofisini. Karani, Bwana Mbaraka, aliigeuza bahasha mara mbili.

"Dada, huu muhuri nusu zake hazikutani. Imefunguliwa hii."

"Labda ni mvua, kaka."

"Mvua haibandiki gundi. Siwezi kuipokea. Kamwombe mkuu wako nyingine."

Kuupanda ule mlima kulikuwa kama kupelekwa mahakamani. Jioni alimkuta Mwalimu Nikodemo barazani kwake, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imepokewa?"

Efrazia hakuwa na pa kujificha. Akasema yote, la mwaka jana na la birika. Mzee aliinama akalisugua goti lake bovu, naye Efrazia akatamani hata afokewe.

"Nyoka aliyekuuma hakuwa mimi, binti yangu," alisema mwishowe, taratibu.

"Ningejua ulichoandika tangu mwanzo nisingeogopa, Mwalimu."

"Na mimi ningejua utaifungua, ningekupa?"

Aliingia ndani, akaandika barua ya pili mlango umefungwa. Asubuhi ya Jumamosi Efrazia alifika na kunyoosha mikono yote miwili kuipokea kwa adabu. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaitia bahasha katika mfuko wa ndani wa koti na kuufunga kwa pini.

"Hii nitaipeleka mwenyewe."

"Mwalimu, goti lako! Njia inateleza."

"Nitafika."

Wakateremka, mzee mbele akichechemea na kushika koti lake kila Efrazia alipomkaribia kumsaidia. Efrazia alifuata nyuma kwa hofu, maana safari hii hakujua kabisa kilichoandikwa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Barua ilipokewa saa tano na robo. Hakuna aliyemweleza ilisema nini, naye hakuthubutu kuuliza. Siku ile walioumwa walikuwa wawili, binti na mzee, na wahenga hawakukosea: aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.