Fisi Aliyelikimbiza Tumbo Lake

Kaeni vizuri niwape ya Fisi na miguu yake, wala msione haya kumcheka, maana wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka ule mvua iligoma. Mto ukabaki mchanga mtupu, wanyama wakatoka mbavu, isipokuwa Fisi. Kila aliyeanguka kwa kiu, Fisi alifika matangani kabla ya ndugu wa marehemu. Wenzake wakakonda, yeye akanenepa.

Maji yaliyobaki yalikuwa ndani ya pango, na njia yake ni mwanya mwembamba wa mwamba. Wote wakapita. Fisi akapita nusu. Akakwama kiunoni, kichwa kinatazama maji, makalio yanatazama jua.

"Vuta pumzi, mume wangu!" mkewe akasema, huku anamsukuma.

"Nimeshavuta! Hili lililobaki si pumzi, ni yule punda wa juzi!"

Wakamchomoa kwa mkia. Ikawa mkewe anamletea maji kwa kibuyu, kila funda na maneno yake. Mwisho akasema, "Nimechoka. Mwezi mwingine ukiandama, sileti tena. Utajuana na tumbo lako."

Fisi akajitazama. Tumbo aliliona, miguu hakuiona. Akaamua kukimbia mazoezi.

Sungura akapata habari. Yeye alikuwa na shamba la viazi vitamu bondeni, na ngiri walikuwa wakilifukua kila kukicha. Akaja haraka.

"Kaka Fisi, mwalimu wa mbio ni mimi. Zunguka shamba langu mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Utapita hata tundu la panya."

"Na wewe nikupe nini?"

"Ah, kaka! Sisi si ndugu?"

Fisi nusura alie kwa wema ule. Akaanza. Kijia cha kandokando ya shamba kilikuwa kigumu kama sakafu. Sungura akapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, akawa anatafuna kiazi na kuhesabu mizunguko. Ngiri wakija, wanamwona Fisi anatokea ulimi nje, wanatimka.

"Wameuona mwendo wangu," Fisi akajisemea. "Wananipisha."

Siku ya tatu miguu ikaanza kumuuma kwa mbele, pale kwenye muundi, chini ya goti. Siku ya tano kila hatua ilikuwa kama rungu.

"Mwalimu, miundi inaniua!"

"Hongera!" Sungura akajibu kutoka juu. "Hayo ni mafuta yanashuka kutoka tumboni. Yatokee wapi kama si miguuni? Ongeza mizunguko kumi."

Fisi akaongeza. Siku ya saba akaanguka mlangoni kwa Bi Kobe.

"Shikamoo, Bi Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakupiga?"

"Mazoezi."

"Ulianza na mizunguko mingapi?"

"Arobaini kwa siku."

"Na kabla ya hapo ulikuwa unakimbia?"

"Nikienda matangani."

Bi Kobe akaguna. "Mimi sijakimbia tangu nizaliwe, lakini mama Swala anafundisha wanawe hapa mbele yangu. Anawaanzisha kwenye mchanga wa mtoni, leo kidogo, kesho wanapumzika. Mmoja akiumwa muundi, anakaa mpaka upoe. Wewe una mwili wa kiboko, halafu akili ya... ya..."

"Ya fisi. Sema tu, Bi Kobe, nimezoea." Akacheka kile kicheko chake mpaka miundi ikamuuma upya.

Akapumzika siku kumi, amejikandika miguuni tope baridi la maji ya kibuyu. Hata matangani hakwenda. Kule shambani, ngiri walipoona kijia kitupu, walishuka wao na watoto wao. Sungura akaruka kutoka dunguni na fimbo yake, akawafukuza huku, wakaingia kule. Siku nne alizunguka kijia kilekile kigumu. Shambani yakabaki mashimo.

Akamkuta Fisi mtoni, anatembea hatua mia, anakimbia kumi juu ya mchanga.

"Kaka Fisi, rudi mazoezini! Halafu nitazame hapa, mbele ya mguu panawaka moto."

Fisi akainama, akautazama mguu kwa makini. "Hongera, mwalimu. Mafuta yanatoka."

"Mafuta gani? Sina mafuta mimi! Viazi vyangu vyote vimeliwa!"

"Basi vitakuwa viazi."

Akamwachia tope lililobaki, akaendelea na hatua zake.

Mwezi ulipoandama, Fisi akaingia mwanyani. Manyoya ya ubavuni yalibaki mwambani, lakini mwenyewe akapita. Akanywa. Akanywa, akanywa, akanywa na ya kesho. Kugeuka atoke, akakwama.

"Vuta pumzi, mume wangu!" mkewe akaita kutoka nje.

"Hii si pumzi, mke wangu, ni maji! Nenda nyumbani, nitakuja nikikonda."

Akakaa mle pangoni siku nzima, akijicheka peke yake. Nanyi wajukuu zangu, mtu akikuambia maumivu yako ndiyo dawa yako, inua macho kwanza umwone yeye anatafuna nini.