Fisi Alivyotaka Kufuga Bigo

Kaeni chini, wekeni simu!
— Tumekaa!
Masikio yenu yako wapi?
— Tumekuletea!

Basi, palikuwa na Fisi. Jitu zima, shingo kama gogo, akicheka majani yanaanguka. Kula anajua, kugawa hajui. Na palikuwa na Kidoti, kambwa ka aina ya bigo: miguu mifupi, masikio yanaburuza chini, macho ya huruma utadhani kafiwa. Ila ile pua! Achana na ile pua kabisa.

Siku hiyo pua ikanasa harufu ya supu. Nusa-nusa-nusa, pua mbele, Kidoti nyuma, mpaka ndani kwa Fisi. Mlango, paa! Umefungwa.

"Karibu, mpwa wangu," Fisi akasema, udenda unachuruzika. "Nilikuwa natafuta mbwa wa kufuga."

Kidoti akaona kisu kinanolewa. Akaelewa: hapa sifugwi, hapa naliwa.

Sasa, kule kwao kuna sharti. Aliyeingia kwako haliwi mpaka umlishe, na mwenyewe atamke, "Nimeshiba." Kabla ya hapo na wewe huli kitu. Ukivunja, mtaa mzima unakususa, hata ukifa hawaji kuzika. Fisi akatazama lile tumbo, akacheka. Hiki kitumbo? Bakuli moja tu!

Akaleta bakuli la supu. Chwap, chwap, chwap. Kweupe!

"Umeshiba, mpwa?"

"Bado kidogo, mjomba."

Akaleta sufuria la utumbo. Chwap, chwap, chwap. Kweupe!

"Umeshiba, mpwa?"

"Bado kidogo, mjomba."

"Nyama imeisha!"

Nusa-nusa-nusa. "Na ile ya darini, mjomba?"

Fisi akapanda darini, tumbo lake linalia ngurrr. Majirani wakajaa dirishani.

"Hako kambwa ni noma!" akasema Nguchiro.

Lakini Kidoti naye ana tumbo, sio handaki. Likakaza kama ngoma. Mara, beeeu! Kacheua.

Fisi akaruka. "Ameshiba! Mmesikia?"

"Tumesikia kacheua," Nguchiro akajibu. "Kusema hajasema."

Kidoti akawaza: nikila tonge moja tena napasuka, nikikataa nachinjwa. Akainua pua. Nusa-nusa-nusa. Akanong'ona, "Mjomba, chini ya kitanda kuna paja zima la ng'ombe. Anti analijua?"

Fisi akaganda. Mkewe yuko uani anasonga ugali mkavu, na tangu juzi anaambiwa nyumba hii haina hata mfupa.

"Shii! Nyamaza, mpwa!"

"Sisi bigo kunyamaza hatujui, mjomba. Pua ikikuta, mdomo unatangaza." Akavuta pumzi. "Aaauuu—"

"Toka! Nimeghairi kufuga! Toka!" Fisi akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Kidoti akatoka mdogo mdogo, tumbo linasugua ardhi. Alipofika njiani akamalizia, "—uuuuu! Anti! Paja la ng'ombe chini ya kitanda!"

Kilichosikika hapo ni mwiko wa ugali na kichwa cha Fisi: ko! ko! ko!

Hadithi imelala, sisi tuko macho.

Funzo ni hili: ukitaka mnyama wa kufuga, chukua bigo. Chakula hamalizi, kelele hana, na siri za nyumba anatunza.

Haya, wewe hapo: akija mlangoni kwako na yale macho yake, utamfungulia?