Kwa Nini Maharage Hutiwa Magadi

Kabla hamjaanza kulalamika kwamba magadi yanawasha ulimi, nyamazeni niwaambie yalikotoka. Nilisimuliwa na bibi yangu, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Hapo zamani maharage yalikuwa adhabu. Mama aliyabandika alfajiri, akachochea kuni hadi jua linazama, na bado yaligonga meno kama kokoto. Wazee walioishiwa meno waliyaaga kabisa, wakabaki na uji. Na zamani hizo hizo palikuwa na sheria kali hapa bondeni: kikionekana shambani kitu ambacho hakuna ajuaye jina lake, shamba hufungwa kwa miiba, na mwenyewe huhama. Watu walikuwa waoga tu, wakauita woga wao sheria.

Basi palikuwa na mjane, Namkunda, mwenye shamba moja aliloachiwa na mama yake. Masika yalipokatika alikwenda kulikagua. Kule pembezoni, ardhi inakoteremkia kwenye ziwa lililokauka, alikanyaga jiwe la kijivu lililopauka. Akaliokota. Lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia, na lilimwachia unga mweupe viganjani.

Namkunda hakuficha kitu. Alilipeleka kwa mhunzi, naye mhunzi akaligonga, likavunjika vipande. Akasema si la chuma wala si kinoo. Mfinyanzi akaloweka kipande, kikaanza kuyeyuka. Akasema si udongo wa kufinyangia. Mchungaji akaramba kingine, akatema. "Chumvi gani hii inayouma?" Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona, na mkuu wa wazee, Mzee Sengondo, akatoa hukumu: kesho shamba lifungwe.

Namkunda alilia, tena bila aibu. Halafu sheria ilimtaka awapikie chakula hao hao wanaokuja kumfungia shamba. Mnaona ukatili huo? Ndani alikuwa na maharage makavu ya mwaka juzi, na kuni za kuchemshia uji tu.

Asubuhi, akiinjika chungu, aliwaona mbuzi wake wanasukumana uani pale alipovirundika vile vipande. Waliramba, wakaondoka, wakarudi kuramba tena. Akawatazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyeugua wala kuanguka. Hapo akafahamu kwamba alikuwa amewauliza mafundi wote kijijini, ila hakuwa ameuliza chungu chake mwenyewe. Akamega kipande cha ukubwa wa punje ya harage, akakitumbukiza ndani.

Maji yakatoa povu. Kuni zilipokaribia kuisha, alitoa harage moja na mwiko, akalibana kwa vidole viwili. Likapondeka. Alibana lingine kwa kuwa hakuamini.

Wazee walifika na matita ya miiba mikavu mabegani, nyuso zimekunjwa. Bakuli la kwanza lilikuwa la Mzee Sengondo, kwa heshima tu, maana kila mtu alijua hana hata jino moja. Alikunywa mchuzi kwa adabu. Harage moja likamwingia mdomoni, naye akalisukuma kwa ulimi ili aliteme. Halikutemeka, lilikuwa limeshalainika na kushuka. Akala la pili. Alimaliza bakuli zima huku machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa hajala maharage kwa miaka tisa.

"Mwanangu Namkunda," akauliza, "nani amenitafunia?"

"Ni lile jiwe la nuksi, baba," akajibu. "Na jina nimeshalipatia. Linaitwa magadi."

Mzee akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana, akanyoosha bakuli aongezewe. Chungu cha pili kilihitaji kuni, na kuni hazikuwepo. Basi miiba ya kufungia shamba ikaingizwa mafigani, tita baada ya tita, na wazee wenyewe ndio waliochochea. Vigelegele vya wanawake vilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

Na tangu siku hiyo maharage hutiwa magadi, kidogo tu, yasizidi punje. Na tangu siku hiyo hakuna shamba lililofungwa hapa kwetu kwa kosa la kuwa na kitu kigeni. Namkunda alilima lake mpaka uzeeni, akawaachia wanawe, nasi ndio wajukuu wa wanawe. Maharage haya yametoka humo humo.

Haya, epueni chungu. Bakuli la kwanza hupewa asiye na meno, na mimi jino la mwisho lilining'oka juzi.