Tanuri Lililoitikia Hewala

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa!

Pakawa!

Haya, pakawa na moto.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, Chui alikuwa na kiwanda cha matofali. Ngiri alikanyaga udongo. Kima alifyatua matofali. Bi Kicheche, kwa wembamba wake, aliingia tanurini kuyatoa yakishaiva.

Kila asubuhi Chui aliita kikao. "Nashauriana nanyi," alisema. "Tuongeze moto?"

"Hewala, bwana!"

"Tupunguze mapumziko?"

"Hewala, bwana!"

Neno jingine hawakuruhusiwa. Huo ndio ushauri wa Chui, jamani!

Kanyaga, fyatua, choma. Kanyaga, fyatua, choma. Siku moja kikaoni Chui akasema, "Kuanzia leo tanuri halingojwi lipoe. Mnasemaje?"

Wakatazamana.

"Hewala, bwana!"

Sauti ilitoka tanurini. Ilikuwa sauti ya Ngiri, na Ngiri mwenyewe kafumba mdomo. Kima akajificha nyuma ya Ngiri.

Chui akacheka. "Mmeona? Hata tanuri linakubali. Bi Kicheche, ingia."

"La, bwana. Siingii. Ukuta una ufa, na ndani bado kuna moto. Nitakufa."

"Wewe ndiye wa kunipinga mimi? Tanuri, umepoa?"

"Hewala, bwana!"

Safari hii ilikuwa sauti ya Bi Kicheche. Akajishika koo.

"Bwana, usiliamini! Hizo ni hewala zetu za woga, tumezitia humo miaka yote!"

"Nyoo! Naingia mwenyewe, uone aibu."

Chui akajipenyeza, akaingia. Ukuta ukaguna, ngrrr! Matofali yakaporomoka, yakaziba mlango. Ndani kukawa giza la moshi.

"Mlango uko huku?" Chui akauliza.

"Hewala, bwana!" tanuri likaitikia.

"La! Rudi nyuma! Rudi!" wakapiga kelele wote watatu. Bi Kicheche alifukua kwa kucha huku analia.

Lakini sikio la Chui halikuzoea kuambiwa la. Akaifuata hewala. Wakasikia nyayo zake, tap, tap, tap, zikienda mbali kuliko urefu wa tanuri lenyewe. Kisha kimya.

Wakalibomoa tanuri lote, tofali moja moja. Chui hawakumwona, hata unyoya wake.

Basi, mnaoongoza kazi, waulizeni wanaoifanya, na wakisema la, wasikilizeni. Nanyi mnaoifanya, msiitikie jambo kwa woga.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kubisha na abishe, nasikiliza.